Mbili ni Twende

Kutu ile ilianzia mahali pa mgongo. Pikapu nyingine huoza pembeni, juu ya magurudumu, matope yanakojibanza. Hii ya Mama Vioo nayo iliozea huko, ila baadaye. Kwanza ilioza kwenye bati la mbele la bodi, lile linalosimama nyuma ya kabini, ambapo mume wake alikuwa akikaa sakafuni na kuegemea kila walipobeba mzigo. Fulana yake na jasho lake vilisugua rangi kidogo kidogo mpaka bati likabaki tupu. Kisha mwenye mgongo akafa, na mvua zikapata pa kuanzia. Ukisimama nyuma ya gari uliliona doa lenyewe, la kahawia, pana mabegani, jembamba kiunoni, na kando ya bega la kulia kibonyeo kidogo cha vifundo vya vidole. Mama Vioo hakupaosha pale, wala hakupaegemeza mzigo.

Watu wa mtaani walimwita mumewe Shwari, kwa sababu ukimuuliza habari zozote, hata za mafuriko, jibu lilikuwa hilo hilo. Mkewe wakamwita Mama Vioo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupeleka vioo: vya madirisha, vya milango ya maduka, na vile virefu vya kujitazamia vya saluni. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Baba yake aliendesha trekta na alimfundisha usukani kabla hajajifunza kupika. Shwari alikwenda kwenye mtihani wa udereva mara moja tu maishani. Mkaguzi alimwonyesha taa nyekundu, akamuuliza hiyo ni rangi gani, naye akajibu, "Inategemea." Tangu siku hiyo akahamia nyuma, na hakuona haya. Watu walipomtania kwamba mkewe anamwendesha, alisema yeye ni abiria wa daraja la kwanza, anapigwa upepo bure na nauli hadaiwi.

Nyuma hakukaa bure lakini. Vioo husafiri vimesimama, vimeegemezwa kwenye fremu ya mbao iliyovikwa mablanketi, na lazima mtu akae navyo, mkono juu ya kamba. Fremu ile ilimziba dereva. Nyuma hakuona kitu ila blanketi, na pembeni hakuona vizuri. Kwa hiyo Shwari alikuwa macho yake, na walizungumza kwa kugonga bati. Moja ni simama. Tatu za haraka ni punguza, mzigo unacheza. Mbili ni twende. Wakifika kwenye makutano yasiyo na taa, Mama Vioo alisimama akangoja. Shwari aligeuza shingo, akatazama huku na huku, akagonga mbili, na mkewe akaondoa gari bila wasiwasi wowote. Wengine walikuwa wakitumiana ujumbe wa simu siku nzima. Hawa walikuwa na bati, na liliwatosha.

Siku aliyokufa walikuwa wanapeleka vioo kwenye nyumba mpya, ng'ambo ya kiwanda cha magodoro. Kwenye makutano ya kiwanda Mama Vioo alisimama kama kawaida. Zikaja mbili, akaenda. Kutoka pale mpaka kwa mteja, wimbo mmoja wa redio hauishi. Alirudisha gari kinyumenyume getini akisubiri ile moja ya kusimama. Haikuja. Akasimama kwa kukisia, akashuka akilalamika kwamba mtu amelala kazini. Shwari alikuwa mahali pake, mgongo batini, kichwa kimelalia bega, mkono mmoja bado umeshika kamba. Vioo vyote vilikuwa vizima. Muuguzi wa zahanati ya jirani alimshika shingoni, akamshika kiganja, kisha akasema kwa upole kwamba moyo umesimama, na kwamba baba ameondoka kitambo, tangu njiani huko.

Neno hilo, kitambo, ndilo lililoingia ndani ya Mama Vioo na kukataa kutoka. Kitambo gani? Maana wiki ile ile, wakiwa kwenye kazi ya madirisha ya shule, alikuwa amesikia moja, akasimama, na Shwari akachungulia dirishani akasema, "Mbona umesimama? Sikugonga mimi." Walicheka wakaendelea. Sasa hakucheka. Kama bodi ile iliweza kugonga yenyewe siku ya shule, basi iliweza kugonga yenyewe kwenye makutano. Kama Shwari alikufa baada ya makutano, neno lake la mwisho duniani lilikuwa twende, na alimwambia yeye. Kama alikufa kabla, basi aliyesema twende ni bati bovu, na yeye alivuka barabara kipofu, amebeba maiti, akidhani anaongea na mume wake. Jambo hili hakumwambia mtu. Alilala nalo na kuamka nalo.

Baada ya mazishi pikapu ilikaa uani bila kuwashwa. Ilinyeshewa mvua zote, kisha ikachomwa na jua la kiangazi kizima, kwa sababu mwenyewe hakuweza hata kuitazama. Kandambili za marehemu nazo zilibaki mlangoni pale pale alipozivua, za bluu, moja nzima na moja imekatwa kisigino. Hata hizo zilikuwa na kisa chake. Zilikuwa mpya kabisa, na siku chache kabla hajafa Mama Vioo alikuta moja imekatwa kwa kisu cha mkate, akauliza ni kichaa gani kimemwingia. Shwari akasema, "Nimempa mgonjwa." Akauliza mgonjwa gani anayetibiwa kwa kandambili. Shwari akatabasamu akaenda kuoga, mguu mmoja juu, mmoja chini. Walinuniana mpaka usiku kwa ajili ya kandambili, watu wazima wale.

Akiba ilipokwisha alirudi kazini. Siku ya kwanza tu, akipita kwenye matuta ya barabara ya sokoni, akasikia nyuma yake: ko. Moja. Mguu ulikanyaga breki kabla kichwa hakijafikiri. Nyuma zikapigwa honi, na mwenye mkokoteni akamtukana yeye na ukoo wake wote. Mama Vioo alishuka, akazunguka nyuma. Bodi ilikuwa tupu. Ndipo alipoliona lile doa kwa mara ya kwanza, limekaa vile mtu anavyokaa.

Tangu hapo bodi haikunyamaza. Iligonga kwenye matuta na iligonga kwenye lami nyororo. Iligonga hata jioni uani, gari likiwa limezimwa na bati likianza kupoa, moja ya pole pole, na Mama Vioo aliacha sufuria jikoni, akatoka, akaweka kiganja juu ya kutu na kusimama hapo mpaka chakula kikaungua. Hakuwa mjinga. Alijua chuma kikipoa hulia. Lakini mtu aliyejibiwa kwa bati miaka yote hiyo hawezi kulisikia bati akaendelea kukaanga vitunguu.

Msaidizi wake sasa alikuwa wifi yake, dada mdogo wa Shwari, mwanamke wa maneno mengi na mikono yenye nguvu, aliyeacha biashara ya mitumba akaja kumsaidia. Alibeba kioo kizito bila kukunja uso. Kukaa nyuma tu ndiko alikokataa.

"Mimi na marehemu tulilala kitanda kimoja utotoni," alisema. "Alininyang'anya shuka miaka yote. Sikai naye kwenye bodi."

Kwa hiyo walifunga vioo kwa kamba maradufu, na wifi akakaa kabini. Bodi ikigonga, wote wawili walitazama mbele. Siku moja iligonga tatu za haraka, Mama Vioo akapunguza, na kweli hatua chache mbele pakawa na shimo la kumeza gurudumu.

"Umeona?" akasema Mama Vioo.

"Nimeona shimo. Wifi, barabara hii yote ni mashimo. Hata mbuzi akigonga huko nyuma atapatia."

Lakini alisema hivyo huku amekumbatia mkoba wake kifuani, na kwa siku nzima iliyobaki hakutania tena.

Mambo yaliharibika kwa kioo cha saluni. Kilikuwa kirefu kuliko mlango, na mwenye duka la vioo alikuwa amekikata mwenyewe. Walikuwa wakiteremka kilima taratibu, hakuna tuta, hakuna shimo. Ikagonga moja, kavu, karibu kabisa na kisogo cha Mama Vioo. Akafunga breki. Nyuma yao kioo kikaanguka na fremu yake, na sauti ya kuvunjika iliendelea muda mrefu baada ya gari kusimama. Waliposhuka, anga lote lilikuwa ndani ya bodi, vipande vipande, na ndani ya vipande hivyo doa la mgongo limejirudia pande zote. Hata kupitia matundu ya sakafu vipande vilikuwa vinadondoka barabarani.

Mwenye duka hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. "Mama Vioo," alisema, "wewe na marehemu mmenibebea tangu duka hili likiwa kibanda. Sikudai kioo. Lakini bodi ile imekwisha, na wewe unajua. Itengeneze au itoe. Usipofanya hivyo, mzigo unaofuata nampa mwingine."

Ndivyo alivyofika kwa Fundi Cheche, mchomeleaji asiye na nyusi. Zilikwisha ungua zikakata tamaa ya kuota. Alizunguka gari mara moja akinyonya meno. Akachukua bisibisi, akaikandamiza sakafuni kwa kidole kimoja tu, na bisibisi ikazama mpaka mpini. Magamba ya kutu yakamwagika chini.

"Njia ni mbili, mama," alisema. "Ya kwanza, nitengeneze. Nikate sakafu, niweke bati jipya, niunge vyuma vya chini, nipige rangi. Itakaa, lakini sikudanganyi, nikichomelea hapa patatoboka pale. Ya pili, tuitoe nzima. Kuna pikapu kama hii iligonga mti kwa mbele, kichwa kimekwisha ila bodi yake haina hata mkwaruzo. Nalegeza bolti, napachika, jioni unaondoka."

"Na nikiiacha hivi?"

"Ukiiacha, siku moja utafika kwa mteja na kabini tu."

Wifi alikohoa. Mama Vioo alikuwa anatazama doa. "Basi tengeneza," alisema. "Ila hapo mbele usipaguse."

"Hapo mbele ndipo palipooza kuliko kote."

"Usipaguse, fundi. Halafu..." Akasita. Aliona aibu kuliuliza, akaliuliza. "Ukitengeneza, itaacha kugonga?"

Fundi Cheche akamtazama wifi, kisha akamtazama yeye. "Mama, watu hunilipa ili iache kugonga."

Ukweli ni kwamba Mama Vioo aliogopa pande zote. Bodi ikitengenezwa, sauti inakatika, na nyumba yake ina kimya cha kutosha. Bodi ikifunguliwa, huenda ikasema kitu ambacho hakutaka kukisikia. Bora ingebaki hivi hivi, inagonga na yeye anasimama, mpaka watakapokwisha wote wawili.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nitafikiri."

"Fikiri, lakini kwanza nikuonyeshe kinachogonga, uamue ukiwa umekiona." Na kabla hajamzuia, fundi alikuwa ametandika boksi chini, amelala chali, ameingia chini ya gari mpaka zikabaki miguu. Wakasikia anasukuma kitu. Ko. Akasukuma tena. Ko, ko. Mama Vioo alishika ukingo wa bodi.

"Hiki hapa," sauti ya fundi ikatoka chini. "Boriti ya katikati, hii inayobeba sakafu. Imekatika maungio yake yote mawili, imening'inia tu. Gari likitikisika inapiga bati la juu, na mlio unakimbilia mbele kabini."

"Imekatika lini?"

"Si leo. Kutu ya kwenye mkatiko ni nene, imeshakuwa nyeusi."

"Zaidi ya mwaka?"

"Mbali sana. Hii ilikatika kabla bodi haijaanza kuoza."

Palikuwa na tairi kuukuu, akakaa juu yake. Boriti ilikatika kabla. Basi siku ya makutano ilikuwa tayari imekatika, na aliyesema twende alikuwa chuma kilichoning'inia. Wifi akainama mbele yake kumuuliza ana nini, na hapo, kwenye vumbi la gereji, Mama Vioo akamwambia yote: makutano, zile mbili, neno la muuguzi, siku ya shule. "Nilimbeba amekufa," alisema. "Nilikuwa naongea na bati, wifi. Nikamlaumu kwamba amelala."

Wifi akapiga goti pale pale vumbini. Akamshika mikono tu.

"Sasa," ikasema sauti ya chini ya gari, haina habari ya lolote, "ni nani aliyefunga mpira huku?"

"Mpira gani?"

"Njoo uone."

Mama Vioo hakuwahi kulala chini ya gari lake mwenyewe. Alijikunja, akajiingiza kando ya fundi, bila kujali nguo zake. Fundi akamulika kwa tochi. Upande mmoja wa boriti, kati ya chuma na sakafu, palikuwa na kipande cha mpira kimebanwa na kuzungushiwa waya. Upande wa pili waya ulikuwepo, umezungushwa vile vile, lakini ndani yake hapakuwa na kitu ila punje kavu. Ncha za waya zilikuwa zimekunjwa kuelekea ndani. Shwari alikunja hivyo kila waya aliofunga maishani, hata wa kwenye banda la kuku, kusudi usimchane mtu mkono.

"Huyu aliyefunga alijua anachofanya," alisema fundi. "Alikuta boriti imekatika, inagonga, akaiziba mdomo. Mipira hii ikiwa yote miwili, boriti haichezi. Ungepita juu ya mawe usisikie chochote."

"Na huo mmoja umetoka lini?"

"Gari hili liliwahi kukaa juani muda mrefu?"

"Kiangazi kizima. Baada ya msiba."

"Basi ni hapo. Bati la juu likipata moto, mpira unaokwa chini. Unakauka, unavunjika kama biskuti, na safari ya kwanza tu unadondoka. Kabla ya hapo bodi ilikuwa inagonga?"

"Mara moja," alisema Mama Vioo. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ya shule." Akanyoosha mkono, akafuta vumbi kwenye kile kipande kwa kidole gumba. Chini ya vumbi kilikuwa cha bluu.

Fundi akalegeza waya, akakitoa, akampa. Nyumbani hapakuwa mbali. Alikwenda kwa miguu, kipande mkononi, hakuitikia salamu za mtu. Pale mlangoni akachuchumaa, akaokota kandambili iliyokatwa, akasogeza kipande kwenye mkato. Meno ya kisu cha mkate yaliingiana, upande mmoja na upande mwingine, hadi kwenye kona. Nusu nyingine ya kisigino ilikuwa imebaki barabarani, mahali fulani karibu na matuta ya soko. Nimempa mgonjwa, alisema. Siku ya shule alisikia bodi inamsemea, akaenda chini ya gari bila kumwambia mtu, kwa kuwa mkewe angesimamisha kazi siku hiyo hiyo na madirisha ya shule yalikuwa hayajaisha. Akakata kandambili mpya, akafunga mipira, ili mkewe akisikia mkono asiwe na shaka kwamba ni mkono. Mipira ilikuwa mizima siku ya makutano. Zile mbili zilikuwa zake.

Mama Vioo alilia pale kizingitini mpaka majirani wakaanza kutafuta sababu za kupita. Alilia kwa furaha, na katikati ya furaha hiyo akaelewa sehemu ya pili ya hesabu, akalia upya. Kama zile mbili zilikuwa zake, basi zote zilizofuata hazikuwa zake. Matuta, shimo, kilima, jioni za uani na chakula kilichoungua: chuma, chuma, chuma. Alikuwa amempata na kumkosa kwa kipande kimoja cha mpira. Mwaka mzima alikuwa anamtii mgonjwa ambaye Shwari mwenyewe alimnyamazisha.

Aliporudi gereji, fundi alikuwa amewasha mashine na wifi alikuwa anamweleza namna ya kuchomelea.

"Endesha wewe," Mama Vioo alimwambia fundi, akampa ufunguo. "Nipeleke mpaka makutano ya kiwanda na kunirudisha. Mimi nakaa nyuma."

"Nyuma? Sakafu hiyo?"

"Pale alipokaa Shwari sakafu bado inabeba mtu. Yeye alikaa, nami nitakaa."

Akapanda, akaketi mahali pale, akaegemeza mgongo wake juu ya mgongo wa kutu. Doa lilikuwa pana kuliko yeye. Gari likaondoka. Miaka yote aliendesha pikapu hiyo na hakuwahi kukaa hapa, na hakujua kwamba kutoka hapa dunia inakwenda kinyume. Yeye aliona barabara ikija, mume wake aliiona ikiondoka. Kila ukuta, kila duka, kila mtu aliyempita, Shwari alimwona baada yake, akiwa anabaki nyuma na kuwa mdogo. Chini ya miguu boriti iligonga kwenye matuta, ko, ko, na kwa kuwa alikuwa ameikalia aliisikia ilivyo: mlio wa chuma kilichoachwa peke yake, hauna mtu ndani. Alingoja amwogope Shwari, alingoja amsikie. Palikuwa na upepo tu, ule wa bure.

Kwenye makutano fundi alisimama. Magari yalipita kushoto, yakapita kulia. Mama Vioo aligeuza shingo, akatazama huku na huku. Barabara ikawa nyeupe. Mkono wake wa kulia ukarudi nyuma ya bega wenyewe, vifundo vikaangukia kwenye kibonyeo, na hapo akaelewa kwamba ili agonge mbili, mtu lazima atake. Lazima ageuke, aone, aamue, anyanyue mkono. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa hai, na alikuwa anataka mkewe aende. Akagonga mbili. Gari likaondoka.

Walipofika gereji alishuka akiwa na kutu mgongoni mwote, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Wifi alitaka kumpangusa, akaona, akarudisha mkono.

"Itoe," Mama Vioo alimwambia fundi. "Weka hiyo nyingine."

"Na hapo mbele? Naweza kukata kipande hicho nikupe, ukitaka kukiweka nyumbani."

Alifikiri kidogo, kwa kuwa kishawishi kilikuwa kikubwa. "Hapana. Alikata kandambili mpya ili chuma hiki kisiseme badala yake. Nami nikitundike ukutani? Itoe yote."

Bodi mpya ilikuwa ya kijani, na kabini ni nyeupe. Wifi alisema sasa gari limevaa sketi ya kuazima. Shwari angeuliza kijani ni kipi. Fundi Cheche alikokota bodi kuukuu hadi kwenye rundo la vyuma nyuma ya gereji, akaiegemeza ukutani, na Mama Vioo akaondoka bila kuitazama. Nguo aliyoivaa siku hiyo ndiyo ambayo hakuifua. Kandambili aliziondoa mlangoni, akafunga kile kipande kwa uzi kwenye ile iliyokatwa, akaziweka chini ya kitanda.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kioo kingine cha saluni ile ile, kwani mwenye duka alikuwa mtu wa neno lake. Wifi alipanda nyuma bila kuambiwa, akakaa, akashika kamba. "Sasa hakuna mtu wa kuninyang'anya shuka," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha sana.

Walipita matuta ya soko. Kimya. Walipita lami nyororo, wakateremka kilima kile. Kimya. Mama Vioo hakujua kwamba gari lake lilikuwa na kimya kirefu namna hii, na mara mbili mguu wake uligusa breki ukitafuta wa kumtii. Kwenye makutano ya kiwanda alisimama. Nyuma yake kulikuwa na blanketi tu. Akangoja. Wifi yake, aliyefundishwa kugonga asubuhi hiyo hiyo, alikuwa amezama kumwangalia mtu aliyekuwa akigombana na mbuzi kando ya barabara, akasahau kazi. Dereva wa gari la nyuma yao akapiga honi. Mama Vioo aliendelea kungoja, mikono usukanini, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa hapa ndipo alipoambiwa, na aliyemwambia alimwambia mara moja tu na hakuwa na haja ya kurudia.

Akatoa kichwa dirishani, akatazama kushoto na kulia mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono nje, akagonga mlango wa gari lake, mbili. Nyuma wifi akashtuka, akadhani ameulizwa, akajibu mbili.

Mama Vioo akatia gia, akavuka.